Wapelelezi Watatu na Krismasi ya Hanang

Wako akina mama wasiopenda binti zao wasome hadithi za mauaji, hasa wakati wa Krismasi. Sisi wa jumuiya yetu hapa Mbulu tulikuwa miongoni mwao. Basi Desemba 2023, binti zetu watatu waliporudi likizo kutoka shule ya bweni, tulikasirika kuona kitabu kilichochakaa ndani ya sanduku: *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, yule Mzanzibari aliyetuletea Bwana Msa na kiko chake mwaka 1960. Humo mtu anakutwa ameuawa penye mzimu, na wengi wako tayari kusema ni mizimu. Bwana Msa haridhiki. Mmoja alisoma kwa sauti jikoni, wa pili akichambua maharage, wa tatu akibishana na wote. Tulitaka kuwanyang'anya, lakini maharage yalikuwa yanachambuliwa, tukanyamaza.

Msiba ulikuwa tayari umetufika. Jumapili tarehe 3 Desemba, Dominika ya kwanza ya Majilio, tope, mawe na magogo yalishuka alfajiri kutoka Mlima Hanang, yakafunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wengi wetu tuna ndugu kule. Rais Samia alikatiza safari yake ya Dubai akaja Katesh. Sisi tulikusanya mahindi, kanga na sufuria, na tulipokuwa tukikusanya tulizungumza, kama ilivyo desturi yetu.

Mama mmoja alisema ni adhabu ya Mungu kwa ulevi wa siku za mnada. Mwingine alisema mlima umekasirika, maana Wabarbaig wameuheshimu tangu kale na siku hizi watu wanaukata miti hovyo. Wa tatu alisema ni volkano. Binti zetu walikuwa wamekaa pembeni wakifunga mizigo. Mkubwa wao akauliza, "Shikamoo mama zetu, nani ameona?" Tukamwambia anyamaze, hiyo si hadithi. Baadaye tuligundua kwamba alikuwa amefungua daftari la hesabu na kuandika kichwa cha habari: WATUHUMIWA. Chini yake: Dhambi. Mlima. Volkano.

Siku chache kabla ya Krismasi tulipeleka mizigo. Tulishuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Dareda, tukashika barabara ya Singida, na mlima ukawa mbele yetu, zaidi ya mita 3,400, kilele ndani ya mawingu kana kwamba haukufanya lolote. Binti wale walikuja nasi kubeba. Hatukujua kwamba wamekuja kazini.

Walitazama magogo yaliyokuwa bado na mizizi, wakaandika: yametoka juu, msituni. Walitazama mawe makubwa kuliko ng'ombe, wakaandika kwamba hayana alama ya moto. Walimwuliza bibi mmoja kama aliona moshi au alisikia joto. Bibi akasema lilikuwa tope baridi, na kelele kama ya malori mengi. Wakamwuliza maji yalikuwa yanapita wapi zamani. Bibi akanyosha mkono kwenye mkondo ule ule lilikopita tope, ambako nyumba zilikuwa zimejengwa mpaka kando. Tuliona aibu kidogo kwa maswali yao mbele ya mtu mwenye msiba. Lakini bibi hakuwa na haraka. Alisema wengi walikuja kumpa pole, na wachache walimwuliza alichokiona.

Njiani kurudi, volkano ilifutwa daftarini. Tuseme ukweli, haikuwa dhana ya kijinga, kwani Hanang ni volkano iliyolala. Ila katika vitabu vya namna hii mtuhumiwa wa kwanza huwa hana hatia. Wataalamu wa Serikali nao walikuwa wameeleza jambo lile lile: hapakuwa na mlipuko, bali sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua mpaka ikameguka, ikateremka kama tope.

Dhambi ilitusumbua zaidi, kwa kuwa ilitoka vinywani mwetu. Usiku ule mdogo wao aliomba Biblia, akafungua Luka sura ya 13, akampa mama aliyesema habari za ulevi asome mwenyewe. Ni pale Yesu anapowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akikataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Mama yule alisoma mara mbili. Kisha alisema kwamba dada yake amezikwa Gendabi, na kwamba hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Hakuna aliyezungumza kwa muda mrefu.

Siku ya Krismasi, baada ya Misa na pilau, walileta daftari mezani. Mkubwa akasema bado swali moja: nani alijua mvua itazidi? Wakajibu wenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mwezi Agosti kwamba vuli ya mwaka huo, nasi Manyara tukiwemo, ingekuwa na mvua kubwa kuliko kawaida kwa sababu ya El Niño.

"Mama, ninyi mlisikia?"

Tulisikia. Redio ilikuwa juu ya kabati kama kawaida. Tulifurahi kwamba maharage yatastawi, na mmoja wetu aliyekuwa na dada bondeni kule hakumpigia simu, wala sisi hatukumkumbusha.

Binti alikuwa ameacha nafasi chini ya neno MASHAHIDI. Alitupa kalamu bila kusema neno. Tulitia sahihi mmoja baada ya mwingine, wa kwanza akiwa yule mama wa Gendabi, kabla hatujaondoa vyombo.