Sahihi ya Msimamizi

Mwaka 1999 nilimpigia mama simu Tanga, kwa kadi ya kukwangua iliyobakiza dakika sita, kumwambia kwamba nimeomba kusoma digrii ya heshima. Kimya. Kisha akauliza, "Heshima? Ile wanayopewa marais?" Nikamweleza sivyo, huku Kanada "onazi" ni shahada ya kwanza yenye utafiti wa mwaka mzima ndani yake, na mimi nasomea ubongo na mishipa ya fahamu. "Aa, Mirembe," akasema, akimaanisha ile hospitali ya wagonjwa wa akili, na salio likaisha. Kwa miaka kadhaa pale Ngamiani nilijulikana kama kijana aliyekwenda ng'ambo kusomea uganga wa vichaa.

Masharti yenyewe yalikuwa kwenye fomu ya kurasa mbili. Miaka minne. Wastani usiopungua B. Kalkulasi, fizikia, kemia mpaka ile ya kaboni, takwimu mihula miwili, baiolojia ya seli, saikolojia ya majaribio, na mwaka wa mwisho tasnifu. Niliyasoma nikaona mbona ni mambo ya kawaida: ukikesha unafaulu, na kukesha tulishazoea tangu kidato cha sita. Kilichonikwamisha ni mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili, uliotaka jina la msimamizi na sahihi yake.

Hakuna ofisi iliyokugawia msimamizi. Unamtafuta mwenyewe, na wenzangu wengi walishampata zamani, kwa kujitolea maabara kila likizo ya kiangazi bila kulipwa. Mimi kiangazi nilikuwa bwaloni nasugua masufuria. Ruzuku za serikali za kufanyia utafiti wakati huo wa likizo zilikuwa za raia na wakazi wa kudumu. Mimi nilikuwa na viza ya mwanafunzi. Basi nikaanza kubisha milango. Profesa wa kwanza aliniuliza kama nimewahi kushika panya. Nikamjibu ndiyo, nyumbani, kwa ufagio. Hakucheka.

Mlango wa tisa ulikuwa wa mzee mmoja aliyekaribia kustaafu. Huyo hakuniuliza habari za panya, aliniuliza jioni nafanya kazi gani. Nilipomwambia naosha vyombo, akasema maabara yake ina vyombo vingi kuliko bwalo lolote, akasaini palepale. Kwa penseli. Ikabidi nirudi kesho yake na kalamu.

Mzee alikuwa na picha ya Donald Hebb ukutani. Hebb alizaliwa mwaka 1904 Chester, mji mdogo wa pwani ya Nova Scotia, akamaliza Chuo Kikuu cha Dalhousie mwaka 1925 akiwa na ndoto ya kutunga riwaya. Kitabu chake cha mwaka 1949, The Organization of Behavior, ndicho kilichowapa watu wa fani hii wazo wanaloliishi hadi leo: seli mbili za neva zikisisimka pamoja mara kwa mara, kiungo kati yake huimarika, na kujifunza kumo humo. Enzi hizo hapakuwa na digrii ya sayansi ya neva ya kumdai mtu; hata chama kikubwa cha wanasayansi wa fani hiyo, kile cha Marekani, kiliundwa mwaka 1969. "Huyu angekwama ukurasa wa kwanza wa fomu yetu," mzee alipenda kusema, akiielekeza picha kwa kidevu.

Kazi yangu ilikuwa kukata. Ubongo wa panya maabara ni kama korosho nono. Unalowekwa kwenye formalini, kisha kwenye maji ya sukari mpaka uzame, unagandishwa, halafu mashine inaukata vipande vyenye unene wa maikromita 40, vyembamba kuliko unywele. Vipande vinaelea ndani ya kisahani kama utando wa maziwa. Unakinasa kimoja kwa brashi ndogo ya mchoraji, unakivuta taratibu juu ya kioo kilichopakwa gelatini, na hapo pumzi unaibana, maana ukihema kinakunjamana, na kikishakunjamana ukijaribu kukikunjua kinachanika. Wiki mbili za kwanza niliharibu vingi kuliko nilivyookoa. Lakini kikitulia, ukakitia rangi ya zambarau, unaona hipokampasi imejipinda katikati, ile sehemu iliyopewa jina la samaki mdogo mwenye kichwa cha farasi, nawe unajua umekata mahali pake. Kisha unahesabu seli, jicho kwenye hadubini, kidole kwenye kidude cha kubofya. Nilihesabu kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza nilikuwa napotea njiani.

Onazi niliipata, nikaendelea, na mwaka 2005 nikarudi chuoni hapohapo kusimamia maabara za wanafunzi. Kutoka kwenye kiti hicho niliiona fomu ikibadilika. Kemia ya kaboni ikawa ya hiari. Fizikia ikakatwa muhula mmoja. Ikaingia kozi ya kuandika programu, kwanza kwa MATLAB, baadaye kwa Python. Desemba 2009 niliwakalisha wanafunzi mbele ya skrini tumwangalie Jacopo Annese na wenzake kule San Diego wakiukata ubongo wa H.M. moja kwa moja kwenye intaneti. H.M. ni Henry Molaison, aliyepasuliwa mwaka 1953 kutibiwa kifafa akapoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya, na ambaye Brenda Milner wa Montreal alimfuatilia kwa miaka mingi. Kazi ilichukua saa 53, vipande 2,401. Mimi nilikuwa naangalia brashi. Mwanafunzi mmoja nyuma yangu akasema, "Kumbe bado kuna watu wanakata?"

Kwenye kamati ya mitaala nilikuwa na neno moja tu, ule mstari wa sahihi. Nilisema wanaoupata ni wale wenye kiangazi cha kuchezea. Wenzangu wakasema mwanafunzi mwenye hamu hutafuta. Nikawaambia hamu yangu ilibisha milango tisa na bado iliokolewa na masufuria. Tulizungushana miaka miwili, mwishowe ikaandikwa sentensi moja: idara itampatia msimamizi kila aliyefikisha wastani.

Nilishangilia mapema. Sentensi haiongezi meza maabara. Waliogawiwa na idara walipewa kompyuta na data zilizokusanywa na wengine, huku meza zikiendelea kukaliwa na wale wale wa kiangazi. Mpaka Machi 2020, maabara zilipofungwa, wote wakawa sawa. Tasnifu zikaandikwa jikoni, kwa data za wazi kama ramani ya ubongo wa panya ya Taasisi ya Allen ya Seattle, iliyokamilika mwaka 2006 na ambayo yeyote anaweza kuifungua bure. Lazima nikiri, baadhi ya tasnifu hizo ziliishinda yangu. Mimi nilikuwa na panya kumi na wawili.

Mwaka juzi mtoto wa dada yangu, naye wa viza, alinipigia. "Mjomba, shikamoo. Wamenipa msimamizi." Wamenipa! Hakubisha mlango hata mmoja. Programu aliyoiandika inahesabu kwa jioni moja seli nyingi kuliko nilizohesabu mimi mwaka mzima. Ubongo wenyewe alikuwa hajawahi kuuona.

Jumamosi moja nikampeleka maabara, nikamwekea kisahani, kioo na brashi. Akabana pumzi bila kuambiwa. Kipande kikafika juu ya kioo, kikatulia, na alipochomoa brashi pembe moja ikajikunja.

"Nikitupe?"

"Kwa kawaida, ndiyo."

Hakukitupa. Akainama akakitazama muda mrefu, kisha akauliza kama programu yake ingeuona ule mkunjo, au ingezihesabu seli za hapo mara mbili.

Nikamwambia sijui. Akapiga picha kwa simu yake, akarudia kwa karibu zaidi.