Hema la Al Khor na Mizani Mbili

Treni ya Doha huishia Lusail. Kutoka hapo tulishika barabara ya kaskazini, jangwa likiwa mkono wetu wa kushoto, hadi lilipochomoza hema kubwa jeupe lenye mistari myeusi. Huo ndio uwanja wa Al Bayt, mjini Al Khor, uliojengwa kwa umbo la hema la Mabedui, ambalo kwa desturi halifungwi mbele ya msafiri.

Tulisimama nje yake tukiikumbuka tarehe 20 Novemba 2022. Humo, katika ufunguzi wa Kombe la Dunia, kijana wa Kiqatari asiye na miguu, Ghanim Al-Muftah, alisoma Aya ya 13 ya Surat Al-Hujurat, inayotukumbusha kuwa wanadamu wamefanywa mataifa na makabila ili wajuane. BBC haikuirusha sherehe hiyo katika chaneli yake kuu. Badala yake iliwaonesha watazamaji wake lawama dhidi ya Qatar.

Siku mbili kabla, uuzaji wa bia viwanjani ulikuwa umepigwa marufuku, na baadhi ya waandishi wa Magharibi wakalalamika kana kwamba mgeni amenyimwa maji. Ni wachache waliokumbusha kuwa Uingereza yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1985, inamkataza mtazamaji wa ligi zake kubwa kunywa pombe mahali anapoweza kuuona mchezo. Likifanywa kwao huitwa usalama. Likifanywa na Waislamu huitwa ukandamizaji. Na mwaka 2024, jijini Paris, Ufaransa iliwazuia wanamichezo wake wenyewe kuvaa hijabu katika Olimpiki. Mizani ya namna hiyo haipimi, inachagua.

Hata hivyo, itakuwa dhulma nasi tukiishia hapo. Mjini Doha, mlinzi mmoja aliposikia lugha yetu alitusalimu kwa Kiswahili. Ni kijana wa Kenya. Alitueleza kuwa mwajiri wake wa kwanza alimkalisha miezi mitatu bila mshahara, naye hakuthubutu kuondoka. Ni kweli kwamba mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti la mfanyakazi kuomba ruhusa ya mwajiri ili abadili kazi, na mwaka 2021 ikaweka kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi. Lakini sheria iliyoandikwa haimshibishi asiyelipwa.

Kuhusu bia, Qatar haidaiwi maelezo na yeyote. Kuhusu ujira wa kijana yule, inadaiwa, tena si kwa kipimo cha London wala Paris. Inadaiwa kwa kipimo cha Mtume (s.a.w.), aliyetuamrisha kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka.

Basi watoto wetu watakapotuuliza nani alikuwa na haki, tusiwafundishe kumtetea ndugu katika kila jambo, wala kumwamini mgeni katika kila lawama. Tuwafundishe uadilifu, hata pale unapotugusa wenyewe.