Injini Yenye Jina la Mlima

Karibu na stesheni ya zamani ya Nairobi liko Jumba la Makumbusho ya Reli, lililofunguliwa mwaka 1971. Uwanjani mwake imesimama injini namba 5918, Mount Gelai, iliyopewa jina la mlima ulio karibu na Ziwa Natron katika nchi ya Tanzania. Urefu wake wapita futi 100, na uzito wake ni tani 252. Ni moja katika injini 34 za aina ya Garratt zilizoundwa na Beyer Peacock mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Boila yaning'inia katikati ya mafungu mawili ya magurudumu, hata injini ikapinda kwenye kona mithili ya jongoo.

Kazi yake ilikuwa kuvuta mizigo ya tani 1,200 kutoka Mombasa. Safari hiyo ni ya maili 330 hivi, nayo yaanza pwani na kupanda Mazeras, Mariakani, Voi na Makindu, hata Nairobi, zaidi ya futi 5,400 juu ya bahari.

Watu wengi hudhani kwamba nguvu ya gari moshi ni mvuke tu. Sivyo. Gurudumu ni chuma na reli ni chuma, na mahali zinapogusana hapazidi sana ukubwa wa shilingi. Mkulima ambaye lori lake tupu limepata kukwama matopeni aijua siri hii: injini hunguruma, magurudumu huzunguka bure, mpaka magunia yapakiwe nyuma. Uzito ndio unaolishika gurudumu.

Tufanye hesabu kidogo (karani hawezi kujizuia). Mount Gelai ina ekseli nane zenye kuvuta, na kila moja yakandamiza reli kwa tani 20 hivi, yaani tani 160 kwa jumla. Reli kavu hushika kadiri ya robo ya uzito huo, nayo ni tani 40. Mvuto wa injini ni ratli 83,350, karibu tani 37. Mafundi walipima vema, kwani mvuke zaidi ya hapo ungezungusha magurudumu bila faida.

Sasa njoo mlimani. Penye mwinuko wa futi moja na nusu kwa kila futi 100, behewa za tani 1,200 huvuta nyuma kwa tani 18. Injini yenyewe huongeza karibu nne, na bado hatujahesabu kona na ukinzani wa magurudumu. Reli ikilowa, ule mshiko wa robo waweza kushuka hata sehemu moja ya sita, yaani tani 26 au 27. Hapo dereva hana nafasi ya kuchezea.

Ajabu ni kwamba mvua kubwa si adui mkuu, maana huiosha reli. Manyunyu ya alfajiri, yakichanganyika na vumbi na mafuta, ndiyo mabaya. Magurudumu yakianza kuteleza, hapana budi dereva apunguze mvuke mara moja na kumwaga mchanga juu ya reli. Akichelewa, gari moshi husimama mlimani, na kwa kuwa njia ni moja, magari mengine yote hungoja. Tena maji na mafuta hubebwa juu ya magurudumu yale yale, hata kadiri vinavyotumika, mshiko nao hupungua.

Kwa nini basi isiundwe nzito zaidi? Kwa sababu reli na madaraja vina kikomo. Matawi yenye reli nyepesi yalipewa injini za darasa la 60, zenye tani 11 tu kwa ekseli.

Kufika mwaka 1980 darasa la 59 lilikuwa limestaafishwa, na dizeli zikashika kazi. Nazo hubeba mchanga. Afikaye makumbusho na ainame kando ya magurudumu ya Mount Gelai, atazame vibomba vyembamba vilivyoelekezwa pale chuma kinapogusa chuma.