Chale za Wazee wa Kabambare

Msafiri akitoka Kasongo, mji uliokuwa ngome ya Waarabu hata mwaka 1893, akashika njia ya mashariki, hufika Kabambare, nchi ya Wabangubangu na Waboyo. Huko twapenda kuwaongoza, wasomaji wapenzi.

Siku hizi vijana wengi wa Ulaya na Marekani huchorwa ngozini, kwa wino, fuvu lililopambwa maua. Alama hiyo yatoka Mexico, ambako tarehe 1 na 2 Novemba watu huwakumbuka marehemu wao kwa mishumaa, vyakula na maua ya manjano. Mchoraji José Guadalupe Posada, aliyefariki mwaka 1913, ndiye aliyelivika fuvu kofia ya bibi tajiri.

Waboyo wa kale hawakuchonga fuvu. Waliwachonga wazee wao katika mti: mabega mapana, macho makubwa, na mwilini mistari iliyokatwa kwa mpango kama chale. Nazo chale, katika makabila mengi ya Kongo, zilitambulisha ukoo wa mtu na utu uzima wake. Basi kule aliye hai hujichora mfu. Huku mfu alichorwa alama za walio hai! Twaona hii ya pili ni heshima kubwa zaidi.

Sanamu nyingi zimekwisha kuchukuliwa. Profesa Daniel Biebuyck alizieleza katika kitabu kilichotolewa Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1981. Wachanjwao leo ni wachache. Mjukuu atakaye kuziona chale za babu zake huzitafuta nyuma ya kioo, ng'ambo ya bahari.