Nyanya Katika Kambi ya Bahari

Sisi watu wa Kongo neno kambi tunalijua sana. Tunajua kambi ya askari na kambi ya wafanyakazi wa migodi, na jamaa nyingi za Fizi na Uvira zinajua tangu mwaka 1996 kambi ya wakimbizi. Lakini ya kwamba mtu mwenye nyumba nzuri mjini aiache kwa hiari yake, alipe fedha, akakae kambini pamoja na watoto wake, hilo hatukulijua mpaka tulipofika Australia.

Huko watu wengi hufanya hivyo wakati wa likizo ya shule. Hufunga nyuma ya motokari nyumba ndogo ya magurudumu iitwayo karavani, yenye vitanda, jiko na tangi la maji, wakaenda nayo mbali. Mwezi wa saba, mwaka 2024, na sisi tuliazima moja kwa jirani. Tulichagua Cape Range, hifadhi ya taifa iliyo pwani ya kaskazini-magharibi, zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Perth tunapokaa. Watoto walishangilia. Nyanya, mama yake baba, akasema neno moja tu: «Mimi kambi nilikwisha maliza.»

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwaka 1996 alivuka ziwa Tanganyika kwa mtumbwi, akakaa Nyarugusu, nchi ya Tanzania, miaka 17, kwanza chini ya hema la plastiki, halafu katika nyumba ya udongo. Kumwacha peke yake mjini haikuwezekana, na kumlazimisha mzee si desturi yetu. Tukanyamaza, tukangoja. Siku ya tatu akauliza kama bahari ya huko ni kubwa kuliko Tanganyika, nasi tukafahamu ya kuwa atakuja.

Safari ilikuwa ya siku mbili, nchi kavu, miti mifupi, na jioni kanguru wengi kando ya njia, hata dereva hathubutu kwenda mbio. Tulipita mji mdogo wa Exmouth, tukaingia hifadhini, tukasimama Kurrajong. Pahali pale hapana umeme wala maji ya kunywa, simu haishiki, na kuwasha moto wa kuni ni marufuku. Kila jamaa huja na maji yake na kuondoka na takataka zake. Nyanya alisikiliza hayo yote, kisha akauliza: «Basi hawa wanalipa fedha ili wakose maji?» Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna.

Mara alikuja mzee mmoja Mzungu, mwenye kutunza kambi bila mshahara, ameshika karatasi ya majina. Akauliza kwa upole: «Ninyi ni wangapi?» Hapo Nyanya akasimama. Akafunga kitenge vizuri, akatafuta mkobani karatasi zake, akasimama nyuma ya baba kama katika mstari wa posho. Mzee yule aliweka alama yake, akatutakia heri, akaenda zake. Watoto wadogo, waliozaliwa Perth, walitaka kucheka. Mkubwa wao, aliyezaliwa Nyarugusu, akawatazama, wakanyamaza.

Jioni Nyanya alizunguka kutafuta ua na mlango. Akauliza ruhusa ya kutoka hutolewa na nani. Tulipomwambia ya kwamba hakuna ua, na ya kwamba anayetaka kuondoka huondoka, hakusadiki. Usiku ule alilala amevaa viatu, na mkoba wake chini ya kichwa.

Asubuhi tulimwonyesha bahari. Mwamba wa matumbawe wa Ningaloo, uliowekwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, uko karibu sana na nchi kavu. Mtoto anayejua kuogelea huwaona samaki wa rangi zote hatua chache tu kutoka mchangani. Nyangumi hupita mbali kidogo, wakirusha maji kama moshi. Katika maji hayo huja pia yule samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye wavuvi wa Kenya humwita papa shilingi kwa sababu ya madoadoa meupe ya mgongo wake. Lakini Nyanya alipendezwa zaidi na habari nyingine. Katika pango la Mandu Mandu, karibu na kambi yetu, wataalamu walikuta shanga 22 za makombe ya bahari, zenye umri wa zaidi ya miaka 30,000. Akashika rozari yake, akasema: «Hata hao walikuwa na kambi hapa.» Usiku ule viatu aliviweka mlangoni.

Dominika hatukuweza kufika Misani. Tulikaa mbele ya karavani, tukasali Rozari, tukasoma Injili. Baba akaeleza Sikukuu ya Vibanda, jinsi Mungu alivyowaagiza Waisraeli kukaa vibandani siku saba kila mwaka, ili watoto wao wajue habari za jangwani. Maelezo yalikuwa mazuri, nasi tulidhani yamempendeza Nyanya. Akajibu: «Waisraeli walifanya hivyo walipokwisha fika wote. Sisi hatujafika wote. Mdogo wangu yuko Nyarugusu mpaka leo.» Baba akafunga kitabu.

Siku ya kurudi, tulipokaribia Exmouth, simu zikaanza kulia. Nyanya akaomba tusimame kando ya njia, akamwita mdogo wake. Sauti ilikuja vizuri.

«Dada, mko wapi? Nasikia upepo mwingi.»

Nyanya akatazama nyuma, penye karavani na viti vilivyofungwa kwa kamba.

«Tuko bahari, mama. Tulikuja kutazama bahari.»

Neno kambi hakulitaja. Kisha akauliza kama posho ya mwezi imekwisha kutolewa.