Maji Safi kwa Nani?

Nyumbani kwetu Nundu, katika teritwari ya Fizi, Kivu Kusini, kuna tangi la kioo ambalo watoto wa jirani huliita ziwa la ndani. Baba mdogo alilijenga mwenyewe kwa vioo vinene na silikoni. Lina urefu wa mita moja, upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 50, kwa hiyo likijaa hubeba lita 200. Paneli ya jua iliyo juu ya paa huchaji betri, nayo betri huendesha kipampu kidogo kinachosukuma hewa kupitia kipande cha sponji. Sponji hiyo ndiyo kichujio.

Ujanani baba mdogo alikuwa mzamiaji, akikamata samaki wa mapambo wa kuuzwa ng'ambo. Biashara hiyo ina historia katika ziwa letu. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyesafirisha samaki hao kutoka Burundi, alichapisha kitabu kizima juu ya samaki wa Tanganyika mwaka 1978. Siku hizi masikio ya baba mdogo hayamruhusu tena kuzama. Alichobaki nacho ni tangi lile na samaki wake sita wenye mistari myeusi, wa aina ambayo wanasayansi huiita Cyphotilapia frontosa. Wakikua, huota nundu kwenye paji la uso. "Samaki wa Nundu wenye nundu," yeye hupenda kusema. Ni utani wake, si etimolojia.

Likizo iliyopita alisafiri kwenda Uvira kwa matibabu ya masikio, akaniachia tangi. Siku ya tatu akapiga simu. "Mwanangu, leo toa nusu ya maji, uweke maji safi. Na ile sponji uioshe, imejaa taka."

Nilifanya kama alivyosema. Nilikwenda kwenye pipa la mama, ambalo ndilo lenye maji safi kuliko yote uani kwetu. Mama alisita kidogo, maana ni maji ya kunywa, kisha akakubali kwa sababu ya shemeji yake. Nikachota lita 100, na kwa maji hayohayo nikaiosha sponji mpaka ikarudi kuwa nyeupe. Jioni ile tangi lilikuwa angavu kama halina maji ndani. Nikalipiga picha, nikamtumia baba mdogo. Akajibu: "Safi kabisa."

Asubuhi samaki wote walikuwa juu, wakihema midomo ikigusa hewa. Nikadhani wana njaa, nikawaongezea chakula. Siku ya pili mmoja alikuwa amelala chini, ubavu juu. Matamvua ya wengine yalikuwa mekundu. Maji yalikuwa bado angavu.

Nikatafuta msaada kwenye simu. Mwongozo wa kwanza ulioeleza jambo hatua kwa hatua ulikuwa wa Kifaransa, na haukuandikwa kwa ajili ya samaki wa ziwa. Ulikuwa wa wanaofuga matumbawe ya bahari nyumbani. Mfugaji wa matumbawe akiona rangi inafifia au polipi zimejikunja, uliagiza, asikimbilie dawa. Apime maji kwanza. Ajiulize ni kitu gani kilibadilika karibuni. Akirekebisha, arekebishe jambo moja kwa wakati mmoja, la sivyo hatajua kilichoponya wala kilichoua. Dawa za baharini sikuweza kuzitumia kwetu, lakini maswali yake niliyaweza. Ni kitu gani kilikuwa kimebadilika? Maji na sponji tu.

Vifaa vya kupimia tangi sikuwa navyo. Nikamkumbuka kijana mmoja anayetia klorini kwenye bidoni za watu wanaochota ziwani. Huwa na kichupa na vidonge vya kupimia. Nikampelekea maji ya pipa la mama. Akatumbukiza kidonge, akatikisa, maji yakageuka waridi. Akakilinganisha kichupa na rangi za kipimo chake: nusu miligramu ya klorini kwa kila lita. Akatabasamu. "Mwambie mama yako hongera. Haya ni maji safi."

Ni kweli yalikuwa safi. Kwa kipindupindu, kiasi hicho ndicho kinachotakiwa. Kwa samaki, kiasi hichohicho huunguza matamvua. Tena klorini huua bakteria bila kuchagua, na ndani ya sponji ile walikuwamo bakteria ambao tangi zima liliwategemea. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria hao huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo. Nilichokiita taka kilikuwa pia makao yao, nami niliwaua halafu nikaongeza chakula.

Kulikuwa na jambo la tatu ambalo maji ya ziwa letu huliongezea ukali. Maji ya Tanganyika yana pH ya juu, karibu 9, kupita hata maji ya bahari ambayo yako karibu na 8. Amonia huwa na sura mbili majini, moja karibu haina madhara, nyingine ni sumu. Katika nyuzijoto 25, kwenye maji yenye pH 7, sura ya sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 9 huzidi theluthi. Uchafu uleule ambao samaki wa mto angeuvumilia, wa kwetu humuua.

Nikaacha kuwalisha. Kila alfajiri nilikwenda ziwani kwa pikipiki na bidoni mbili, mvuvi akanichotea mbali na ufuko, nikabadilisha lita 40 tu kwa siku. Samaki mwingine alikufa siku ya nne. Wanne wakapona.

Baba mdogo aliporudi alisimama mbele ya kioo akahesabu kwa kidole, kisha akahesabu tena.

"Uliweka maji gani?"

"Maji safi, Baba. Ya pipa la mama."

"Nilisema maji safi. Ya ziwani. Yaliyochotwa leo."

Darasani ningesema kwamba neno hili, lililotoka Kiarabu likiwa na maana ya kitu kisichochanganyika, limepanuka. Hewa safi, kazi safi, moyo safi. Kwa mzamiaji, maji safi ni mapya, yaliyotoka ziwani leo hii. Kwa mama ni yale yenye klorini. Kwangu mimi yalikuwa yale yanayoonyesha upande wa pili. Pengine ndiyo sababu mabango ya afya husema "maji safi na salama": mtu fulani aliona kwamba neno moja halitoshi. Lakini hata "salama" huacha nafasi tupu ambayo sarufi haitulazimishi kuijaza. Salama kwa nani?

Hayo ningeyasema darasani. Baba mdogo sikumwambia, kwa sababu halikuwa jibu la swali lake. Nililichagua pipa lile kwa sababu nyingine pia. Nilipokuwa na miaka tisa, kipindupindu kilimchukua dada yangu mdogo kwa usiku mmoja na nusu. Tangu siku ile hakuna tone linaloingia kinywani mwa mtu nyumbani kwetu kabla mama hajalitia dawa. Nimekua nikijua kwamba maji ya ziwa huua na maji ya pipa huokoa. Baba mdogo aliposema "safi", mkono wangu ulikwenda kwenye pipa kabla sijafikiri. Nadhani yeye alilielewa hilo, kwa sababu alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kama nimekula.

Kesho yake nilichukua rangi niandike alama, mtu mwingine asikosee. Kwenye pipa niliandika SAFI, kwenye bidoni ya tangi nikaandika ZIWA. Mama alisoma akatikisa kichwa. "Na mgeni akija ataelewaje? Maji ya pipa nayo yametoka ziwani."

Nikafuta. Sasa kwenye pipa pameandikwa WATU, na kwenye bidoni SAMAKI.