Ukoo wa Mama Ulianzia Chuoni

Desemba ikifika wiki ya tatu, kituo cha mabasi cha Nyabugogo hapa Kigali hujaa watu hadi pa kukanyaga hakuna. Wanakwenda Musanze, Rusizi, Nyagatare na Huye kula Noheli kwa wazazi, na wengi hawarudi mpaka Ubunani, yaani Mwaka Mpya, upite. Wamebeba mchele, mafuta ya kupikia, sukari na nguo za watoto. Jirani zetu wa Nyamirambo hutuachia funguo za nyumba zao, maana wanajua sisi tupo. Wazazi wa baba yangu, waliorejea kutoka ukimbizini Tanzania, wamekwisha kufariki. Mama naye hana kijiji cha kurudi.

Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mama alikuwa na miaka 14. Kwao walikuwa watu saba, akabaki yeye peke yake. Sitasimulia zaidi ya hapo, kwa sababu kisa hicho ni chake, na akipenda atakisimulia mwenyewe. Mimi nataka kueleza kilichokuja baadaye, ambacho ndicho ninachokikumbuka kila mwisho wa mwaka.

Mwaka 2000 mama alijiunga na Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, kule Butare. Miaka minne kabla, yaani 1996, wanafunzi walionusurika walikuwa wameanzisha hapo chuoni chama chao kiitwacho AERG. Walisaidiana kwa mengi, lakini jambo moja walilolifanya sijalisikia kwingine: walijiundia familia. Waligawanyika katika vikundi, na kila kikundi kikachagua baba na mama miongoni mwa wanafunzi wenyewe. Waliobaki wakawa watoto, wakaitana kaka na dada.

Baba wa familia aliyoingia mama alikuwa kijana wa miaka 23, mama akiwa na 20. Ndiyo maana babu yangu anamzidi mama yangu miaka 3 tu. Nilipokuwa shule ya msingi tuliambiwa tuandike umri wa watu wa ukoo wetu, na mwalimu akadhani nimekosea hesabu. Mama alicheka mpaka akatoka machozi, kisha akaniambia, "Mwache. Hesabu yako ni sahihi."

Nimewahi kumuuliza mama huyo baba wa miaka 23 aliwapa nini, maana naye alikuwa mwanafunzi asiye na kitu. Alinijibu kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza. Jioni aliuliza nani hajala. Aliuliza kwa nini fulani hakuonekana darasani, na kwa nini fulani amejifungia chumbani siku mbili. Aprili ilipofika, kipindi cha kumbukumbu, hakumwacha yeyote alale peke yake. Na matokeo ya mitihani yalipotoka, aliwaita mmoja mmoja wamwonyeshe. Mama anasema kwa miaka sita alikuwa akifaulu na kurudi na karatasi yake asijue ampelekee nani. Mara ya kwanza alipomkabidhi yule kijana matokeo yake, kijana aliyasoma polepole kama mzazi, akamwambia, "Hesabu umeshuka kidogo, mwanangu." Mama anasema kukaripiwa huko ndiyo zawadi kubwa aliyopata Butare.

Mwaka 2005 mama alipoposwa, upande wa wakwe ulikuja na wazee wenye mvi na fimbo. Upande wa bibi harusi, mahali pa mzazi, alikaa kijana wa miaka 28 aliyeazima koti. Yeye ndiye aliyeombwa binti, na yeye ndiye aliyemtoa. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani kwa damu.

Mimi na wadogo zangu tunamwita Sogokuru, yaani babu. Leo anaishi Kicukiro, ana mke na watoto, na kila Ubunani "watoto" wake wa Butare hukusanyika kwake pamoja na wajukuu. Mwaka jana ilibaki kidogo tusiende. Ada yangu na ya mdogo wangu ilikuwa imemaliza kila kitu, na mama aliona aibu kwenda mikono mitupu. Usiku wa tarehe 31 alimpigia simu kumwambia kwamba tuna mafua, tutakuja siku nyingine. Mimi nilikuwa karibu, nikasikia jibu.

"Sikuuliza mtaleta nini, mwanangu. Nimeuliza mtafika saa ngapi."

Mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Saa sita, Baba." Tukaenda. Kulikuwa na ndizi, isombe na fanta, na chakula kilikuwa kile kile cha miaka yote. Lakini viti vyetu vitano vilikuwa vimepangwa tayari, na mtu mmoja alikuwa amesimama barabarani akitutazamia.

Sisi tunaosoma lugha tunaweza kuongeza neno hapa. Kwa Kinyarwanda, familia huitwa umuryango, na neno hilo hilo ni mahali pa kuingilia nyumbani. Waswahili wa pwani nao husema mlango kwa maana ya ukoo: mtu hutajwa kuwa wa mlango fulani. Nilipokutana na maana hiyo katika masomo yangu nilimwandikia mama ujumbe papo hapo. Lugha hizi mbili zimeuona ukoo kama mahali ambapo mtu hukaribishwa ndani. Damu ni njia moja ya kuingilia, na kule Butare vijana waliokuwa wamefungiwa njia hiyo waliweka mlango mwingine kwa mikono yao. Wahenga walikwisha kusema kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Mimi nimekulia ndani ya methali hiyo.

Sisemi kwamba mchele na nguo mpya si baraka. Anayesema hivyo hajawahi kukosa ada. Ninachosema ni kwamba ziko baraka ambazo hazitiwi kwenye gunia wala hazipandishwi juu ya basi, na msimu huu tunazipita haraka kwa sababu hazina bei ya kutukumbusha. Kuwa na mtu anayeuliza umefika. Kuwa na mtu wa kumwonyesha matokeo. Kujua kwamba kiti chako kipo hata usipoleta kitu. Mama yangu alizipoteza hizo zote kabla hajatimiza miaka 15, akarudishiwa na watu waliokuwa wamezipoteza kama yeye. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo. Mali huwezi kumpa mtu usipokuwa nayo, lakini vijana wale wasio na wazazi waliweza kupeana uzazi.

Hapa chuoni, likizo ya Desemba ikianza, mabweni hayabaki matupu kabisa. Yuko ambaye nauli haikutosha, yuko aliyetoka nchi ya mbali, na yuko ambaye, kama mama yangu, hana pa kwenda. Wenzangu, kabla hujashuka Nyabugogo na mizigo yako, muulize mwenzako wa chumba cha pili atakula wapi tarehe 25. Ukiweza, mchukue. Usipoweza, mpigie simu siku hiyo umuulize kama amekula.

Mwaka huu tutakwenda tena Kicukiro tarehe 1 Januari. Nitachukua matokeo yangu ya muhula. Sogokuru amekwisha kuyaulizia mara mbili, na najua ataanza kuyasomea chini, kwenye somo nililoshuka.